Mkono Ulio Karibu na Redio

Watu hustaafu ualimu, hustaafu upolisi, wengine hustaafu hata siasa baada ya kushindwa mara tatu. Mimi nimestaafu kusikiliza. Mke wangu Moraa amelicheka jambo hili mpaka akachoka; anasema niliacha kumsikiliza mwaka tuliooana, kwa hiyo kilichokuwa kimebaki ni barua ya kustaafu tu. Lakini kusikiliza ndiyo kazi iliyonilisha. Kwa zaidi ya miaka ishirini, mtu yeyote aliyerekodi wimbo nyumbani kwake kuanzia Ndanai mpaka Kimulot, akauchanganya kwenye kompyuta ya kuazima, alifika mlangoni kwangu na swali moja: "Mwalimu, iko aje?"

Bado mnafika. Juzi alikuja mmoja na mvua yote mwilini, simu ameificha ndani ya kofia, hataki hata chai, anataka nisikilize kidogo tu. Nikamwambia nimestaafu. Akacheka, akabonyeza. Kwa hiyo naandika haya myasome hukohuko mliko, mwelewe kwa nini nawarudisha, na mchukue yale machache ambayo bado yana kazi. Nimechoka, vijana wangu. Si uchovu wa hasira. Ni ule wa mtu aliyebeba gunia la majani ya chai mlima mzima, akafika kwenye mzani akaambiwa ni la jirani.

*

Kazi yenyewe nilifundishwa na karani. Baba yangu alitoka milima ya Gusii akaja kuchuma chai Kericho, nami nikazaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, ambapo ukuta wa jirani ndio ukuta wako na wimbo wake ndio wimbo wako. Ofisini kwa shamba kulikuwa na karani aliyeitwa Mzee Odera, mtu wa kutoka upande wa ziwa, shati jeupe kila siku hata penye matope. Jumamosi alirekodi kwaya kwenye ukumbi wa shamba, kwa kinasa sauti cha kaseti na maikrofoni mbili. Mimi nilipomaliza shule nilifanya kazi karibu miaka miwili kiwandani, kwenye mashine za kukata majani, nikisubiri nafasi ya chuo. Nikaenda chuo kikuu, nikarudi na shahada ya fasihi na ualimu, nikafundisha miaka miwili mingine, ambayo ndiyo imenibandika jina la Mwalimu hadi leo. Kisha nikaacha chaki nikaenda kumbebea Mzee Odera nyaya. Baba hakunisemesha mwezi mzima.

Nilikuja na elimu yangu, bila shaka. Kwaya moja ya Ndanai ilileta kaseti ikaomba maoni. Nikawaandikia kurasa nne. Nilitumia maneno kama "mizania" na "umbile la sauti". Nikamtaja kwa jina mama mmoja wa sauti ya tatu. Kiongozi wa kwaya akaisoma barua yangu mbele ya kanisa zima, kurasa zote nne, kisha akasema, "Ndugu yetu amepitia mambo mazito huko chuo. Tumwombee." Wakaniombea. Niliambiwa maombi yalikuwa ya nguvu. Kaseti ikauzwa vilevile ilivyokuwa.

Mzee Odera alicheka mpaka akavua miwani. "Umewaambia makosa kumi na saba," akasema. "Mtu akiambiwa makosa kumi na saba anasikia moja tu, kwamba humpendi. Chagua moja. Hilo likirekebishwa, mengine yanajificha nyuma yake."

Hilo mlichukue. La pili lilikuja wiki hiyohiyo, na ndilo lililokuja kunimaliza.

"Umewahi kusikia mtu wa huku akimwambia mwenzake wimbo wake ni mbaya?" Mzee Odera aliniuliza.

"Sijawahi."

"Na nyimbo mbaya ziko?"

"Ziko nyingi."

"Basi ukiuliza mdomo unapoteza wakati. Mdomo una adabu. Tazama mkono."

Tulikuwa tunaenda kwenye kituo cha kununulia majani, pale wakulima wadogo wanapoketi na magunia yao wakisubiri lori. Lori huchelewa, hilo halihitaji maelezo. Mzee Odera alikuwa akiazima redio ya kaseti ya mtu, anaweka nyimbo tatu, wetu wa katikati, hasemi ni wa nani. Kisha anakaa mbali, anajifanya anasoma gazeti la juzi, na macho yake yako kwenye mkono ulio karibu na redio. Mkono ukipunguza sauti, kuna kitu kinaumiza. Mkono ukiongeza, kuna kitu kimefichwa, mara nyingi ni maneno. Mkono usipogusa, wimbo umeiva, upeleke. Na kuna mkono wa nne, aliniambia, ule unaosahau kazi yake. Mtu anafunga gunia, wimbo unafika mahali, mkono unasimama na kamba hewani. Ukiuona huo, zima kila kitu uende nyumbani, huna la kuongeza. Yeye alikuwa ameuona mara nne maishani. Mimi nimeuona mara mbili, na mara moja nilikuja kugundua yule mama alikuwa amekumbuka ameacha maziwa jikoni.

*

Kabla sijafika kwenye aibu yangu, niwape mambo ya mkononi, maana mnayauliza kila siku.

Rekodi asubuhi. Mvua yetu mnaijua saa zake, na mabati yenu hayana huruma. Nimepokea nyimbo za mapenzi ambazo kuanzia ubeti wa pili zinaimbwa chini ya maporomoko ya maji. Kuku wafukuze kabla, si katikati. Blanketi ukutani ni nzuri, magunia matupu ya chai ni mazuri zaidi, godoro ni bora kama mwenye godoro hayuko juu yake.

Ukimaliza kuchanganya, usisikilize siku hiyo. Masikio yaliyofanya kazi siku nzima ni kama ulimi uliokunywa chai ya moto, hauonji kitu. Kesho yake weka sauti chini kabisa, chini kuliko unavyopenda, utoke nje usimame nyuma ya nyumba. Mzee Odera alisikilizia chooni. Alisema wimbo ambao maneno yake yanafika chooni utafika popote. Kama kule nyuma unasikia ngoma tu na mwimbaji amepotea, usiongeze kila kitu. Punguza ngoma.

Na mtunze wimbo wa kwanza. Kila mkibadilisha, andikeni namba, msifute. Nimeona kompyuta za vijana zimejaa "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli sasa", na hakuna ajuaye upi ulikuwa mzuri. Wa kwanza uweke mahali pake. Nitawaomba mwende mkautafute kabla sijamaliza.

*

Sasa Chelangat. Alikuwa mchumaji kwenye shamba moja kubwa mpaka mashine za kuchuma zilipoingia, ndipo akarudi kwa mama yake Kimulot, kwenye chai yao isiyofika ekari moja. Wanawake wanane walikuwa wakichuma mstari mmoja, miaka saba bega kwa bega, wakijua nani ana mtoto mgonjwa na nani ameota nini. Mashine zilipokuja walitawanyika. Mmoja yuko Nakuru, mwingine Narok kwenye ngano, wengine hata Chelangat hakuwa na hakika wako wapi, alikuwa na namba za simu tu, nyingine za jirani.

Akatunga wimbo wa Kipsigis kuhusu ule mstari. Mwishoni, ngoma zinanyamaza, anawaita wote kwa majina, mmoja mmoja, polepole kama mtu anayegonga milango, na la mwisho ni lake mwenyewe. Alirekodi jikoni kwa mama yake, magunia ukutani, asubuhi. Mtu alikuwa amemfundisha vizuri, kwenye yale mafunzo ya vijana kanisani. Nadhani ni mimi.

Kuna mtangazaji wa redio ya kwetu ambaye kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi hupiga wimbo mmoja mpya uliorekodiwa nyumbani. Mmoja tu. Analetewa nyingi mno, kwa hiyo alijiwekea kanuni: anasikiliza kwanza zile ambazo Mwalimu ameandika kikaratasi kuzipitisha. Chelangat alikuwa ameshawapigia wenzake wote saba, hata kwa simu za majirani, kwamba Jumamosi inayokuja wafungue redio. Hakuwa amenionyesha wimbo bado. Aliniambia hivyo mwenyewe, akitazama viatu vyake.

"Na nikikataa?" nikamwuliza, kwa mzaha.

"Hutakataa, Mwalimu. Labda urekebishe tu."

Nikasikiliza. Sauti yake ilikuwa nzuri, nzito kidogo, ya mtu asiyejionyesha. Lakini yalipofika majina, niliona kama anaimba na uji mdomoni.

"Majina hayasikiki," nikasema. "Ongeza makali ya juu, zile sauti nyembamba. Nataka nisikie kila herufi."

"Niongeze?"

"Ongeza."

"Kongoi, Mwalimu." Ndiyo asante ya Kipsigis, na hakuna asante tamu kama hiyo.

Akarudi siku ya pili yake. Bado uji. Nikamwambia aongeze tena. Kongoi, Mwalimu. Akarudi siku ya tatu, Alhamisi, na safari hii hakuketi.

"Nimeongeza mpaka..." akasema.

"Mpaka nini?"

"Mpaka imefika."

"Haijafika. Mimi hapa nasikia nusu ya majina. Hao wenzako watajuaje wanaitwa?"

Nikaona ameuma mdomo. Mtoto wa watu amelelewa vizuri. Hawezi kumwambia mtu wa umri wa baba yake kwamba amekosea, ndani ya nyumba ya huyo mtu, amekaribishwa chai yake. Alisimama pale kama mtu aliyeshika sufuria ya moto na hajui pa kuitua.

"Mwalimu, naweza kuuliza?"

"Uliza."

"Ile mambo ya mkono ulitufundisha kanisani. Bado inafanya kazi?"

"Itafanya kazi hata nikifa."

"Basi kesho twende kituoni. Wewe uchague nyimbo za kuweka. Mimi nitabeba spika."

Nilifurahi sana. Nilimwambia Moraa kwamba hatimaye nimepata mwanafunzi.

*

Kituoni tulikuta wanawake kama kumi na wawili na wanaume watatu, magunia yamepangwa, lori halijulikani liko wapi. Spika tukampa Kogo Taprandich, bibi wa makamo ya mama yangu mzazi, anayejulikana kote kwa kupenda muziki na kutopenda mchezo. Aliiweka juu ya gunia lake, akaendelea kuchambua majani, akitupa yale magumu. Chelangat akaenda kusimama nyuma ya banda. Mimi nikakaa upande wa pili na gazeti langu. Nilikuwa nimepanga nyimbo tano: mmoja wa kawaida, wa Chelangat kwa namna niliyomwagiza, mwingine wa kawaida, wa Chelangat ule wa kwanza kabisa aliouleta, na wa kufungia.

Wimbo wa pili ulianza vizuri. Ukafika kwenye majina. Mkono wa Kogo ukaacha majani, ukaenda kwenye spika, ukapunguza. Mama mmoja kando yake akaingiza kidole sikioni akakitikisa, kama aliyeingiliwa na mdudu. Jina la pili, Kogo akapunguza tena.

Nikajiambia ni bahati mbaya, labda spika imechoka. Ukapita wimbo wa tatu. Kogo akaongeza sauti, ikarudi pale ilipokuwa. Ukaingia wa nne, ule wa kwanza, wenye uji. Ukafika kwenye majina. Niliutazama ule mkono kama mtu anayetazama mpira wa penalti. Uliendelea na majani. Haukugusa. Kisha bibi akaanza kutikisa kichwa kwa kila jina, na mama wa kidole akarudia jina moja kwa sauti, akamwambia jirani yake, "Huyu Chepngetich ni wa wapi?"

Alilisikia jina. Mimi sikuwa nimelisikia.

Nilifanya jambo ambalo Mzee Odera angeninyang'anya nyaya kwa ajili yake. Niliinuka nikaenda kuuliza mdomo.

"Kogo, ule wimbo wa pili ulikuwa aje?"

"Mzuri sana, Mwalimu!"

"Mbona ulipunguza?"

Alitazama mkono wake kama mkono wa kuazima. "Mimi? Nilipunguza? Ah. Ni mkono tu."

Wakati huohuo watu wote waligeuka kuutazama mzani. Karani wa kituo akamwita mama aliyekuwa akipimiwa, "Mama, mashine imelia, toa gunia twende!" Mzani ule mpya wa umeme hulia ukimaliza kupima. Watu kumi na tano waligeuza shingo. Mimi nilisikia mvua ikianza mbali, na hakuna kingine.

*

Tulirudi kwa miguu, Chelangat mbele na spika chini ya shuka. Mimi namjua mtu anayesubiri kuulizwa.

"Nyenje bado wako?" nikamwuliza.

Alisimama. "Nyenje?"

"Wale wadudu. Wanaolia jioni kwenye chai."

Alichukua muda mrefu sana kwa swali la wadudu.

"Wako, Mwalimu."

"Wengi?"

"Wengi tu. Kila jioni."

Niliketi kwenye jiwe kando ya njia, na niwaeleze kwa nini. Karibu miaka mitano iliyopita niliona nyenje wamepotea. Jioni zetu zilikuwa zimenyamaza. Nikasoma, nikafanya utafiti wa msomi, nikaamua ni dawa za kunyunyizia. Nikasimama kwenye baraza ya chifu, mbele ya kata nzima, nikahutubu dakika ishirini kuhusu kunyamaza kwa nyenje na hatari kwa vizazi vijavyo. Watu walinipigia makofi. Chifu alinishukuru. Mzee mmoja alisema ni kweli kabisa, siku hizi hawako. Wakatoka pale, wakaenda nyumbani gizani, nyenje wakilia kila upande, na hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia.

Nilipofika nyumbani nilimwuliza Moraa kama alijua.

"Nilijua nini?"

"Kwamba nyenje hawakupotea."

Alinitazama. "Si nilidhani ni siasa. Nilidhani unataka udiwani."

*

Wiki iliyofuata daktari wa masikio aliniingiza kwenye kijumba kidogo kama kibanda cha simu cha zamani, akanivika hedifoni, akanipa kitufe. Nibonyeze kila nikisikia mlio. Nikakaa. Nikakaa. Nilidhani wanarekebisha mashine. Baadaye nikagonga kioo, nikamwuliza tunaanza saa ngapi. Akaniambia kwa upole kwamba tumefika katikati.

Alinichorea mstari kwenye karatasi. Kushoto, kwenye sauti nzito, ulikwenda sawa; kulia, kwenye zile kali, ulianguka kama mtaro unaoshuka mtoni. Akauliza kama nimewahi kufanya kazi penye kelele. Nikamtajia kiwanda, zile mashine za kukata majani, ujana wangu bila hata pamba masikioni. Nikamtajia miaka ishirini ya hedifoni. Akaandika, akasema kinachopotea hivyo hakirudi. Zile sauti za "ch" na "s", zinazomfanya Chepngetich awe Chepngetich, ndizo zinazotangulia kuondoka. Mnaona sasa. Sikuwa nasikia majina, kwa hiyo niliwaamuru watu wayanoe mpaka yawakate wengine.

Nilimtafuta Weldon. Mnamjua Weldon, nyimbo zake zinapigwa kila harusi, na mimi kwenye harusi hizo nimekuwa nikimwambia mtu wa pembeni, bila kuulizwa, kwamba ule mchanganyiko ni mkono wangu. Nikamwomba ukweli. Akajikuna shingo.

"Mwalimu, usinichukie. Ukisema ongeza, tunasema kongoi. Tukifika nyumbani tunarudisha vile ilikuwa."

"Nyote?"

"Wote siwajui. Wale mimi najua, wote."

"Tangu lini?"

"Ni kitambo. Kama miaka sita hivi."

"Mbona hamkuniambia?"

"Nani angekuambia? Wewe ni Mwalimu." Akacheka kidogo, akaacha. "Na bado tulitaka ile karatasi yako."

Hapo ningeweza kucheka naye. Mzee anadanganywa kwa adabu, nyimbo zinatoka nzuri, hakuna aliyeumia. Lakini nimefundishwa kuuliza jambo moja zaidi.

"Na wale waliofanya nilivyowaambia?"

Weldon akatazama mlango.

"Hao hawakupigwa, Mwalimu."

Hao ndio ninaowafikiria ninapoamka. Sijui ni wangapi. Ni wale watiifu, wale mliowacheka kwa kufuata kila neno. Walileta nyimbo nzuri, wakasema kongoi, wakaenda kuziharibu kwa uaminifu, mtangazaji akazisikiliza akakunja uso akaziweka kando, nao wakadhani hawajui kuimba. Mmoja wao alirudi kuchuma. Mmoja aliuza kibodi yake. Kama wewe unayesoma ni mmoja wao, nisamehe, na zaidi ya kunisamehe, nenda ukautafute ule wimbo wa kwanza, ule wa kabla hujanijia. Huenda ulikuwa umeiva.

*

Karatasi ya Chelangat niliiandika Ijumaa hiyohiyo niliyotoka kituoni, kabla ya daktari, kabla ya Weldon. Ilikuwa ya mwisho. Nilimwandikia mtangazaji hivi: "Huu nimeupitisha kwa macho. Piga ule wa kwanza, usiongeze chochote. Na baada ya huu usisubiri karatasi zangu tena, sikiliza zote." Chelangat aliisoma, akaikunja mara nne.

"Kongoi, Mwalimu."

"Hiyo kongoi ni ya kweli au ni ya kwenda kurudisha vile ilikuwa?"

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Ni ya kweli. Hakuna kitu ya kurudisha."

Jumamosi asubuhi Moraa alikuwa mezani jikoni anachambua chinsaga, mboga zile chungu za kwetu, anakwanyua majani, anatupa mabua. Redio ilikuwa dirishani, karibu na mkono wake. Nilikuwa sijamwambia kitu kuhusu wimbo. Nilikaa mlangoni na gazeti.

Mtangazaji akasema maneno yake, wimbo ukaanza. Nilisikia ngoma, nilisikia ile sauti nzito, nilisikia mstari wa chai na watu wanane ndani yake. Kisha ngoma zikanyamaza, akaanza kuita. Mimi nilisikia irabu tu, e, e, i, na zile konsonanti nikazijazia kwa kumbukumbu, kama mtu anayesoma barua iliyonyeshewa. Moraa hajui Kipsigis zaidi ya salamu na bei. Hakujua ni majina ya nani.

Niliutazama mkono wake. Haukwenda kwenye redio. Ulikuwa umeshika bua moja la chinsaga, nusu limekwanyuliwa, umesimama hewani juu ya sufuria, na ulibaki hapo jina baada ya jina mpaka la mwisho.

Nilikunja gazeti. Sikumwuliza kama wimbo ni mzuri. Angesema ni mzuri.